Mgongo wa Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma mahali pasipostahili. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nimekunja uso, na mkunga akaniuliza nimekosewa nini. Kwa sababu ya hasira hizo, na kwa sababu ya filamu moja ya Kifilipino, nusura nimpoteze mwanamume ambaye hivi ninavyoandika yuko uani, ameifungua redio ya jirani vipande vipande na hataki kuambiwa kwamba haitapona.

Hayo yalitokea Tunduma, miaka ile ambayo bado tulihesabiwa watu wa Mkoa wa Mbeya. Mama alikuwa na duka la vitenge si mbali na mpaka. Upande mmoja wa duka, penye kona iliyokuwa haina kazi, tuliweka rafu ya CD za kukodisha, televisheni moja na deki moja. Kona hiyo ilikuwa yangu. Mama aliona ni upuuzi mpaka alipogundua kwamba mwanamke akiingia kununua kitenge, akakuta kwenye televisheni kuna binti analia, haondoki. Anakaa. Akikaa anashika kitambaa hiki na kile, na mwisho anaondoka na viwili. Hata kina mama wa ng'ambo, wa Nakonde, waliokuwa wakimwita mama yangu bamayo, yaani mama kwa lugha yao, na kubishana naye bei kwa Kibemba kilichochanganyika na Kiswahili, walijifunza kuuliza kwanza leo kuna filamu gani.

Tulikuwa tumepitia za Kihindi, tukapitia za Kinaijeria, halafu zikaingia za Kifilipino, na hapo ndipo Tunduma ilipokwisha. Sijui niseme nini juu ya Wafilipino. Walikuwa wanalia vizuri. Walikuwa na mama wakwe wabaya kuliko wetu, walikula wali kama sisi, na walimheshimu mkubwa kwa kumshika mkono na kuupeleka kwenye paji la uso. Lugha yao hatukuijua, ila zilikuja zimeshatafsiriwa na bwana mmoja wa Dar es Salaam ambaye alisema sauti zote peke yake: ya binti, ya bibi kizee, ya polisi, hata ya mtoto mchanga. Pale asipoelewa alitia yake. Tulijua anatia yake na tulimsamehe.

Filamu ninayoisema, jina lake silijui. Kava lilikuwa la filamu nyingine ya watu wenye bastola. Ndani yake kulikuwa na binti anayeuza samaki sokoni pamoja na mama yake, akapendwa na kijana ambaye baba yake ana mashamba ya miwa yasiyoonekana mwisho. Kijana anamchukua binti kwenda kumwonyesha kwao. Binti amevaa gauni la kuazima. Wanaingia ukumbini, meza imejaa chakula, na pale mwisho wa meza amekaa baba. Binti anainama, ananyoosha mkono autafute mkono wa mzee. Mzee anakunja kitambaa chake cha mezani pole pole, anakiweka kando ya sahani, anainuka, anampa mgongo, anatoka kwa mlango wa nyuma. Haongei. Muziki unaanza. Kuanzia hapo ni mateso matupu mpaka CD ya pili.

Tuliitazama filamu hiyo sijui mara ngapi. Kila ikifika pale mzee anapoinuka, mama aliacha kupima kitenge. Alisimama na futi yake mkononi, mdomo ameubana, na machozi yakimtoka hakuyafuta. Wateja walidhani ni mtu wa moyo laini. Mimi nilijua anamwona nani.

Mama ni Mrangi wa Kondoa. Baba yangu, aliyekuwa dereva wa malori ya masafa, alikuwa mtu wa Tanga. Walioana njiani, kama madereva wengi walivyooa, na nilipokuwa na miezi mitatu mama akanibeba mgongoni akaenda kuonyesha mtoto ukweni. Bibi yangu mzaa baba alikuwa uani anachekecha unga. Alitutazama mara moja, akageuka, akaendelea kuchekecha. Mama alisimama nyuma yake mpaka unga ukaisha. Kisha bibi akachukua ungo wake akaingia ndani, na ndivyo mama alivyojua kwamba mke wa kutoka bara hatakiwi. Hatukurudi tena, na baba alipofariki hakuna aliyekuja. Mama alinisimulia habari hiyo mara moja tu, lakini ule mgongo niliukuta kila mahali katika malezi yangu. Alinilea niwe mtu wa kuangaliwa usoni.

Sasa nimlete fundi. Deki yetu iliharibika, ikawa inameza CD na kuitema bila kuisoma, na akaja kijana mmoja mrefu, mpole, mwenye bisibisi zimepangwa mfukoni kwa ukubwa. Aliifungua, akaisafisha kwa kipamba, ikapona. Wiki iliyofuata ikaharibika tena. Wiki ya tatu vilevile. Miezi mingi baadaye alikiri kwamba mara ya pili na ya tatu hakuikaza vizuri makusudi, na mimi nikakiri kwamba mara ya nne niliichokonoa mwenyewe.

Kwao ni Ibaba, milimani Ileje, Mndali, Mkristo tangu enzi za babu zake. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na baba yake pamoja na shangazi yake, dada wa baba, ambaye hakuwa na watoto na akamfanya yeye kuwa wote. Mimi Mwislamu wa Tunduma, binti wa mwenye duka. Tulilizungusha jambo hili mwaka mzima tukiogopa kulitazama. Mwisho tukakubaliana twende bomani, kila mmoja abaki na dini yake. Msikitini kwetu watu walisema yao, na kanisani kwao najua walisema yao.

Mama alinisikiliza, akamaliza kukunja kitenge alichokuwa anakikunja, akatoa sharti moja. Niende kwanza nikaonekane kwa baba wa fundi. Kama mzee atanipokea, yeye atavaa na kuja bomani kwa miguu yake. Kama hatanipokea, hakuna harusi. "Nyumba isiyokutaka, mwanangu, huingii," alisema. "Mimi niliingia mpaka uani, ikanitosha kwa wawili."

Kwa hiyo mnaona nilivyoondoka Tunduma. Nilikuwa nimebeba maisha yangu yote nikienda kumwonyesha mzee mmoja ambaye sijawahi kumwona.

Tulipanda gari la kubeba viazi lililokuwa linarudi tupu, tukakunja kona pale Mpemba, tukaacha lami. Kule juu kuna baridi ambayo watu wa Tunduma hatuijui, tukidhani tunaijua. Njiani fundi wangu alinifundisha salamu ya Kindali, nikaisema mpaka dereva akacheka. Mengine hakunifundisha. Nilimuuliza baba yake ni mtu wa namna gani, akasema ni mtu wa taratibu za zamani, na kwamba nikifika shangazi ataniambia yote. Baadaye nilielewa kwamba kwao mambo ya mkwe hufundishwa na shangazi. Mwanamume akiyasema kwa mchumba wake ni aibu, kama kumfundisha kufua nguo za ndani.

Tulifika mchana, ukungu ukiwa umeshainuka, pareto imechanua nyeupe upande mmoja wa nyumba na viazi upande wa pili. Shangazi hakuwepo. Alikuwa ameitwa msibani kijiji cha pili asubuhi ileile. Walikuwepo kina mama wawili majirani, wakinitazama kwa tabasamu, Kiswahili chao kidogo na Kindali changu kidogo zaidi. Fundi aliona aibu kuniweka bila soda, akasema anakwenda dukani mara moja, kuteremka tu na kupanda. Akaniacha mlangoni.

Nikapiga hodi. Ndani, kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, alikaa mzee mwembamba mwenye kofia ya pama ya kahawia, redio ndogo imebanwa sikioni. Niliingia na mguu wa kulia, nikakusanya adabu yote niliyofunzwa, nikasema, "Shikamoo baba."

Mzee aliinuka kama aliyekalia sindano. Hakunitazama. Alibana redio kwapani, akanipa mgongo, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Sasa, mtu mwingine angebaki pale alie. Mimi nilifundishwa kwamba mkubwa haachwi bila kusalimiwa, na kama hakusikia unamfuata. Nikajiambia labda ile redio imemziba masikio. Nikamfuata. Nikapita jikoni, nikatokea nyuma, nikamwona anazunguka kona ya nyumba kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka jambo. Nikaongeza mwendo. "Shikamoo baba!" Naye akaongeza. Tukaizunguka nyumba yote. Majirani wale wawili walikuwa wameshatoka nje, mmoja ameziba mdomo kwa mikono miwili, mwingine ananipigia kelele kwa Kindali na kunipungia nirudi, na mimi nikaona ananifukuza. Mzee akaingia kwenye viazi. Nami nikaingia kwenye viazi, na viatu vya kuazima. Palikuwa na mfereji wa kutolea maji ya mvua, na yule baba, mtu wa miaka sabini, akauruka. Kofia ikaanguka.

Niliokota ile kofia. Nilisimama ukingoni mwa mfereji nimeinyoosha mbele kwa mikono miwili, na kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo nikasema mara ya tatu shikamoo. Aliweka kiganja pembeni mwa uso wake ili hata shavu lake nisilione, akazama kwenye pareto.

Hapo muziki ukaanza. Nasema kweli, niliusikia kichwani, ule wa filamu, na niliuona mgongo wa yule tajiri wa miwa, na nyuma ya mgongo wake ule wa bibi yangu na ungo wake. Nikajua nimekataliwa. Na si kukataliwa kidogo. Mzee wa watu alikuwa tayari kuvunjika mguu kuliko kuitikia salamu yangu.

Fundi alirudi na kreti begani akanikuta nimekaa barabarani juu ya begi langu, nalia kwa hasira. Majirani walimweleza kwa Kindali wakipokezana, naye nikamwona usoni anataka kucheka, akajizuia. Kule kutaka kucheka ndiko kulikomponza. Alichuchumaa mbele yangu akasema, "Si unavyofikiri."

Masikini, hakujua. Katika filamu, kijana wa mashamba ya miwa alimwambia binti maneno hayohayo, kwa sauti ya yule bwana wa Dar es Salaam, na CD ya pili ilipoanza tukajua kumbe alikuwa ameshakubali kuchumbiwa mwingine. Mwanamume akisema si unavyofikiri, ujue ni unavyofikiri na nyongeza. Nilimwambia asinene neno jingine mbele yangu. Lilipita gari la viazi linateremka, nikapanda. Alipanda naye, akajaribu kusema hapa na pale, nikaziba masikio kwa vidole kama mtoto, kutoka Ibaba mpaka Tunduma, juu ya magunia. Hasira hasara, wanasema. Tulipofika Mpemba nilifungua begi nitafute leso, nikakuta nimeondoka na kofia ya mzee.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka apige kelele nami nipate wa kupiga naye kelele, lakini alikaa tu. Aliichukua ile kofia mkononi mwangu, akaitazama ndani na nje, akaiweka juu kabisa kwenye rafu ya vitenge vya bei ghali. Kisha akasema basi. Imekwisha. Fundi alipokuja kesho yake, alimkabidhi bisibisi mbili alizokuwa amezisahau chini ya meza ya duka, akamwambia deki yetu itatengenezwa kwingine. Alikuja mara ya pili na ya tatu, akasimama ng'ambo ya barabara. Nilimwona. Nilikuwa nimekonda, sili, nagombana na wateja, na nilimwona, lakini kila nikitaka kwenda naona ile pareto imefunga nyuma ya mgongo wa baba yake. Niliogopa. Nilikuwa nimeona maisha ya mama, na niliogopa kuyarudia na mtoto wangu mgongoni.

Yapata wiki tatu zilipita hivyo. Siku moja alasiri duka limejaa, akaingia mama mmoja mtu mzima, mfupi, ameshika kapu la viazi na kuku chini ya kwapa. Alisalimia kila mtu kwa zamu, kisha akamwambia mama yangu kwamba ametoka Ibaba, yeye ndiye shangazi wa fundi, na amekuja kwa jambo la watoto. Mama alimjibu kwa adabu ya baridi. Alimwonyesha benchi, akaagiza chai, akasema amalize kwanza na wateja. Nilijua anajipa muda wa kutafuta maneno ya kumrudisha.

Kwenye televisheni, kwa ombi la mteja mmoja wa Nakonde, ilikuwa inacheza filamu ileile.

Shangazi alikunywa chai yake akiangalia. Hakuwahi kuona filamu ya Kifilipino. Akaniuliza hawa ni Wachina, nikamwambia siyo. Akauliza huyu binti ni nani, nikamwambia amekuja kuonyeshwa ukweni. Akasogea mbele ya benchi. Ukafika ule mlango, ile meza, kile kitambaa. Mama aliacha kupima kama kawaida yake. Mzee akainuka, akampa binti mgongo, akatoka.

Shangazi alishusha pumzi, akaegemea nyuma, akasema, "Ee, afadhali. Amempokea."

Duka zima liligeuka. Mama akamuuliza kampokea nani.

"Huyo binti. Si mmeona baba mkwe ameshamkimbia? Sasa mbona analia? Huyu naye shangazi yake hakumfunza?"

Mteja wa Nakonde aliminya kitufe cha deki bila kuambiwa, picha ikasimama, binti mdomo wazi. Mama yangu aliiweka futi mezani taratibu akaja kukaa kwenye benchi, goti kwa goti na yule mgeni, akamwomba aseme tena.

Shangazi akasema, pole pole, kama anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Kwao mkwe na baba mkwe hawaonani. Mke wa mtoto wako ni mtu wa heshima kuliko wageni wote, na heshima yenyewe ni kumpisha. Akija huku wewe unapita kule. Hukai naye chumba kimoja, humtazami usoni, naye hakutazami, wala hagusi kitu chako cha kuvaa. Ukimwona njiani anajifunika kanga anaingia kichakani mpaka upite, au unaingia wewe. Kaka yake, mtoto alipomwambia habari ya binti wa Kiislamu, alikaa kimya siku tatu. Siku ya nne akasema mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu, na akaanza kutafuta atakuwa anatokea mlango upi.

Kisha alinigeukia mimi. "Angekuwa hakutaki, angekaa. Angekutazama usoni, akakuuliza ukoo wako, akakunywesha soda, akakusindikiza mpaka barabarani. Mtu wa kupita hakimbiwi."

Nilikuwa kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani mwendo mrefu, akatuliwa, na shingo haijui la kufanya. Nilianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kikageuka tena. Nilikuwa nimepokelewa. Wiki tatu nzima nimelala nikilia, nami nilikuwa nimeshapokelewa tangu pale mzee alipobana redio kwapani.

"Na wewe mwanangu," shangazi akaendelea, sasa uso wake umeanza kumshinda, "nasikia ulimfukuza kaka yangu mpaka kwenye pareto."

Duka likaangua kicheko. Mteja wa Nakonde alijipigapiga mapaja. Shangazi alisema kijijini habari imefika mpaka kwa mchungaji, kwamba mkwe wa Tunduma ana mbio, na kwamba mzee mwenyewe alipotoka kwenye pareto alikaa chini akahema, akasema huyu binti ana adabu, ila adabu yake ina miguu mingi. Kwa hilo tu nilimpenda kuliko wazee wote niliowahi kuwasalimia.

Mama hakucheka. Alikuwa ameinuka, amekwenda nyuma ya vitenge vilivyotundikwa, na miguu yake tuliiona kwa chini imesimama palepale. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alimwambia shangazi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kumbe kuna migongo na migongo. Kisha akamwambia yule wa Nakonde awashe deki, wageni wamalize filamu yao.

Tuliimaliza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwisho wa filamu ile, baada ya ajali na hospitali, baba tajiri anamjia binti kitandani, anamtazama machoni, anamkumbatia, wanalia wote wawili. Sisi siku zote tulilia hapo. Shangazi aliinua kitenge chake akajifunika uso mzima. "Toeni," alisema chini ya kitenge. "Huyu mzee amelewa. Alianza vizuri sana."

Alipoaga, aliuliza kwa aibu kidogo kama tumeiona kofia ya kaka yake, maana anakwenda kanisani kichwa wazi na watu wameanza kuuliza. Nilikimbilia kiti niipande ile rafu. Mama akanizuia. Aliiteremsha mwenyewe, akaipangusa, akaifunga ndani ya kitenge kipya, wax halisi, akamkabidhi shangazi kwa mikono miwili. Mimi sikuigusa. Shangazi aliona kwamba mama ameshajifunza, akamshukuru kwa macho.

Fundi alikuwa ng'ambo ya barabara. Nilivuka. Nilimwambia naomba aseme sasa lile jambo alilotaka kusema kutoka Ibaba mpaka Tunduma. Akasema hana tena, limechacha. Kisha akasema deki ina hali gani.

Nitafika bomani sasa hivi, lakini kwanza niseme juu ya miaka iliyofuata, kwa sababu kuna watu wakisikia habari hii hunionea huruma, na huruma hiyo siitaki. Baba mkwe wangu aliishi miaka mingi baada ya harusi, na katika miaka hiyo yote uso wake sikuuona vizuri. Nilijua kikohozi chake. Tulipokwenda Ibaba alikohoa tangu getini ili nipate muda, nami niligonga sufuria ili ajue niko jikoni. Tulizungumza kwa kupitia ukuta. Alisema kwa sauti, akimwelekea mjukuu asiyejua hata kusema, kwamba mwambie mama yako viazi vile vyekundu nimemwekea yeye. Nami nilimwambia mtoto huyohuyo amwambie babu asante. Siku za mfungo alihakikisha hakuna anayepika chakula karibu na chumba changu mchana. Hilo hakulisema, hata kwa ukuta. Nililijua tu kwa kuwa moshi ulitokea kwa jirani. Wapo marafiki zangu ambao baba wakwe zao huwatazama usoni kila siku, na nimeona wanavyotazamwa.

Basi, bomani. Ilikuwa Vwawa. Tulitoka Tunduma asubuhi, mimi nimejipamba, mama amevaa baibui jipya na viatu vilivyombana. Alikuwa ameyaelewa yote aliyoelezwa, na alikuwa ameyaeleza kwa nusu ya mji, lakini moyo una woga wake, hauelezwi ukaelezeka. Nilimwona ameshika mkoba wake kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu.

Gari liliposimama uani pale, watu wa Ibaba walikuwa wameshafika, wamesimama kwenye jua wakiota joto, shangazi mbele yao. Pembeni yao, karibu na ubao wa matangazo, alisimama mzee mwembamba mwenye kofia ya pama ya kahawia. Aliyekuwa karibu naye alimnong'oneza kwamba bibi harusi amefika. Mzee akageuka hapohapo, akaupa uwanja wote mgongo, akaanza kusoma matangazo ya zabuni, mtu ambaye bila miwani haoni hata barabara.

Mama alikuwa ameshateremka. Alisimama, akautazama ule mgongo kwa muda, kwa makini, kama anavyotazama kitenge akitafuta dosari. Nikasikia pumzi inamtoka ndefu, ya miaka mingi. Akanishika mkono.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kakupa mgongo."

Nikajifunika kanga, tukapita nyuma yake, tukaingia ndani kuoana.